Msikilizaji wa Mstari wa Pili

Kitu cha kwanza kupotea katika nyumba ya Tauqir Mughal kilikuwa sauti ya s mdomoni mwa binti yake.

Ilikuwa Jumanne, saa ya kifungua kinywa. Sidra, mwenye miaka saba, alisukuma kikombe chake cha chai mbele ya mama yake.

"Mama, ongeza 'ukari."

"Niongeze nini?" Shagufta aliuliza.

"'Ukari!"

Meno mawili ya mbele ya Sidra yalikuwa yameng'oka wiki iliyotangulia. "Upepo unapita dirishani," Tauqir alisema, akimgusa kwenye pengo. Sidra alimtolea ulimi. Shagufta akaongeza sukari, na siku ikaendelea.

Tauqir alifanya kazi ghorofa ya chini ya nyumba hiyo hiyo, katika uchochoro mmoja wa mji wa Multan, ndani ya kuta zake za kale, nyuma ya wauza vitambaa. Watu walimletea kanda za harusi, mawaidha ya masheikh waliokwisha kufa, mikanda iliyoshika ukungu. Aliihamishia sauti kwenye kompyuta, nao wakaondoka na flashi mfukoni. Alikuwa fundi mzuri na alijua hivyo. Kwa wateja waliojidai kuwa na masikio alikuwa na mchezo wake. Aliwapigia wimbo mmoja mara mbili: mara moja faili zima, kama lilivyotoka kwenye mkanda, na mara moja MP3, iliyobanwa hadi sehemu ya kumi ya uzito ule. Kisha akauliza ipi ni ipi.

"Ya kwanza ndiyo nzima," mteja angesema. "Inasikika wazi."

"Ya kwanza ndiyo MP3, mjomba. Kunywa chai."

Halafu angewaeleza, kama alivyoeleza mara mia. "Kinachotupwa ni kile ambacho hakuna anayekisikia. Visauti vidogo vilivyojificha nyuma ya vikubwa. Nani atavililia?"

Wiki tatu kabla ya Jumanne ile, Fayyaz Dad, muuza halua wa uchochoro wa pili, alimletea boksi la halua na mkanda wa gurudumu uliofungwa kwa kitambaa cha kijani. Ndani ya mkanda alikuwamo babu yake, Ustadh Rahim Dad, aliyeimba kaswida miaka arobaini kwenye kaburi la walii nje ya mji. Alirekodiwa mara moja tu maishani, pamoja na kundi lake lote, mwaka 1971.

"Hauli ya walii ni mwezi ujao," Fayyaz alisema. "Nataka kila mgeni aondoke nayo kwenye simu. Fundi, ibane itoshe."

"Itatosha, na itabaki nafasi ya picha za halua yako."

Mkanda ulicheza mara moja. Ule unga wa kahawia unaobeba sauti ulikuwa umechoka. Ulibanduka ukianguka mezani kama kutu, na wimbo wa tisa ulipokwisha, kilichobaki kwenye gurudumu kilikuwa plastiki tupu. Mikanda ya umri ule huwa hivyo; fundi hupata bahati moja. Tauqir aliipata: nyimbo tisa, faili tisa nzima. Alizibana kuwa MP3, akazisikiliza zote, hakuona tofauti. Diski yake ilikuwa imejaa na kulikuwa na video ya harusi inayosubiri. Jumamosi mchana, siku tatu kabla ya Jumanne ile, alifuta faili nane nzima. La kwanza alilibakiza kwa ajili ya mchezo wake. Jumamosi hiyo hiyo, na Jumapili, na Jumatatu, aliwapigia wateja.

Jumanne Sidra aliomba sukari.

Kufikia Alhamisi sauti ya sh nayo ilikuwa imekwenda, na ile ya f ilibaki nusu. Daktari alimulika koo, akamulika masikio, akasema wasubiri meno yaote. Ijumaa, Shagufta aligeuka jikoni na kumkuta Sidra amesimama nyuma yake.

"We mtoto! Unaninyemelea kama paka?"

"Nimekuja tu."

Shagufta alitazama miguu ya mtoto. Sidra alikuwa amevaa ndala za plastiki ambazo siku zote zilipiga kelele ngazi nzima, hata majirani walilalamika.

"Tembea," Shagufta alimwambia.

Sidra alitembea hadi mlangoni na kurudi. Ndala zilipiga sakafu. Hazikutoa sauti.

Shagufta hakumwambia mumewe jioni ile. Alidhani masikio yake ndiyo yaliyokuwa na kasoro.

Jumamosi saa nane mchana umeme ulikatika, kama kawaida ya saa ile. Feni ilizunguka mara chache zaidi, ikasimama. Jenereta la muuza vitambaa lilikuwa bovu wiki ile, kwa hiyo uchochoro mzima ulinyamaza. Tauqir alikuwa mezani. Sidra alikuwa chini kwenye mkeka, akichora nyumba kwa penseli. Tauqir alisikia saa ya ukutani. Alisikia tumbo lake mwenyewe. Alikuwa mtu aliyelipwa kusikiliza, na baada ya dakika moja alitambua ni nini hakukisikia. Penseli ilikuwa inakwenda juu ya karatasi, juu na chini, ikipaka paa la nyumba, na hapakuwa na mkwaruzo.

Alishuka kwenye kiti akapiga magoti. "Sidra, hema."

"Nahema, Baba."

Aliweka sikio lake mbele ya mdomo wa mtoto. Pumzi ilimgusa shavu, ya joto, ikaja na ikaenda. Haikuwa na sauti. Aliweka sikio kifuani, akasikia moyo kwa mbali, kama unavyosikia mtu akitwanga nyumba ya tatu.

Umeme uliporudi alimketisha Sidra mbele ya maikrofoni, akamrekodi akihesabu moja hadi ishirini. Akafungua picha ya sauti ile kwenye skrini. Kando yake aliweka rekodi ya Idi iliyopita, Sidra akiimba na binamu zake. Rekodi ya Idi ilipanda hadi juu ya picha, ikafifia taratibu kama moshi. Rekodi ya leo ilipanda hadi mahali fulani ikakatika, kwa mstari ulionyooka, kama iliyokatwa kwa rula. Juu ya mstari hapakuwa na kitu. Chini yake kulikuwa na matundu matundu, kila mahali ambapo sauti ndogo ingekaa nyuma ya kubwa.

Aliijua picha ile. Alikuwa ameitazama kila siku kwa miaka kumi na mmoja. Mtoto wake alikuwa amebanwa.

Hakumwita mtu. Alifanya alichojua kufanya. Fundi akitaka kuona kilichotupwa, huchukua faili zima na MP3 yake, hugeuza moja juu chini, kisha huyalaza pamoja. Yanapofanana yanafutana. Yanabaki mabaki tu, yaani kile kilichokuwa kwenye zima na hakimo kwenye lililobanwa. Kwa kawaida ni mchanga, sauti kama ya mtu anayechambua mchele. Tauqir alichukua wimbo wa kwanza wa Ustadh, akavaa hedifoni.

Mwanzoni mwa wimbo ule Ustadh aliwasalimu wenzake kwa majina, mmoja mmoja, nao wakaitika. Kisha alitoa salamu moja zaidi, bila jina, ukapita ukimya wa sekunde tatu, ndipo ngoma ikaingia. Tauqir alikuwa ameusikia ukimya huo mara nyingi. Katika mabaki, salamu zile zilikuwa mchanga. Ukimya haukuwa ukimya.

"Nipo," sauti ya mwanamume ilisema, karibu sana na maikrofoni.

Kisha ikaimba kiitikio chote, hadi mwisho.

*

Jumapili umeme ulikatika saa kumi alasiri. Wote watatu walikuwa chumba cha kazi, kwa sababu Shagufta sasa alikuwa ameambiwa na hakutaka Sidra akae mbali naye hata hatua tano. Alimpakata mtoto. Feni ikasimama.

Kwenye kona, nyuma ya rafu ya mikanda, penseli ilianza kukwaruza karatasi.

"Panya," Tauqir alisema.

"Si panya," Shagufta alinong'ona. "Hiyo ni penseli yake. Najua anavyoikandamiza."

Penseli ya Sidra ilikuwa mkononi mwa Sidra. Mkwaruzo ulikoma, zikaja ndala, ndala ndogo za plastiki zilizopiga sakafu pa, pa, pa, kutoka konani hadi katikati ya chumba, ambako hapakuwa na mtu wala kivuli cha mtu, na baada ya ndala ikaja pumzi ya mtoto aliyekimbia, ile ile waliyoisikiliza wakati wa homa zake zote tangu azaliwe, ikisimama sasa mbele ya magoti ya mama yake, na kwenye pumzi ile kikatoka kitu kilichokuwa kikijaribu kusema, polepole, kama mtu anayejaribu kiatu kisicho chake, s, s, s, huku Sidra akitazama pale hewani akiwa amefungua mdomo wake na asitoe chochote.

"Tauqir," Shagufta alisema. "Ulimleta nani humu ndani?"

Harufu ya udongo wa kisima ilikuwa imejaa chumbani. Umeme ulirudi, feni ikazunguka, na harufu ikaenda.

*

Fayyaz aliposikia jioni ile ile alikasirika kwanza, akadhani babu yake anasingiziwa. Kisha akasikiliza mabaki kwa hedifoni, akazivua.

"Twende kwa Mzee Bachaya," alisema.

Mzee Allah Bachaya ndiye aliyepiga ngoma katika rekodi ile. Wengine wote walikuwa wamekufa. Walikwenda na Sidra, wakamkuta kitandani uani kwa mwanawe, akimenya chungwa. Alikuwa haoni vizuri lakini alijua kuna mtoto.

"Huyo binti anapumua kimya," alisema kabla hawajaketi. "Nafasi yake mliacha?"

"Nafasi ya nani, mzee?" Tauqir aliuliza.

"Ya mstari wa pili." Alimgeukia Fayyaz. "Babu yako alikuwa akifanya mazoezi alfajiri ndani ya kisima kikavu, huko mashambani, ili sauti imrudie. Akapata msikilizaji. Akatoka kisimani, msikilizaji akatoka naye. Basi wakaelewana. Kila tulipoimba, mstari wa pili tuliacha nafasi moja: mkeka, glasi ya maji. Hakumgusa mtu. Kazi yake kiitikio tu."

"Na ni nani?"

"Ni nani nini? Ni jini. Ulitaka awe karani wa posta?"

Tauqir alimvuta Sidra karibu.

"Wimbo wa kwanza anasalimiwa, anaingia," mzee aliendelea. "Wimbo wa tisa anapewa ruhusa, anaondoka. Kati ya hapo anakaa. Siku ile ya mkanda alipenda sauti yake ilivyotoka, akaomba abaki humo. Ustadh akamruhusu. Miaka hamsini hamkusikia habari zake. Sasa mkanda uko wapi?"

Tauqir alimweleza. Mkanda umebanduka. Faili nane zimefutwa. La kwanza lipo, na analipigia wateja.

"Mara ngapi kwa siku?"

"Mara tano. Sita."

Mzee aliweka chungwa chini. "Kwa hiyo umemvunjia nyumba, halafu mara sita kwa siku unasimama mlangoni unamwita, karibu, karibu, na ruhusa ya kuondoka umeifuta. Atakaa wapi? Amepata nafasi. Kwa mtoto huyu kulikuwa na visauti ambavyo ninyi wakubwa hamvisikilizi. Amekaa humo. Akimaliza vidogo ataanza vikubwa. Moyo wake bado unausikia?"

"Kwa mbali," Tauqir alisema.

"Basi kesho. Wimbo wa tisa. Uurekodi, na usiubane hata kidogo. Mpe nyumba, kisha mpe ruhusa. Maneno anayajua Fayyaz."

"Mimi?" Fayyaz alisema. "Mzee, mimi nikiimba hata nzi wanaondoka kwenye halua."

"Hatualiki nzi. Na sikilizeni. Wimbo ukianza haukatwi. Ukikatwa katikati, aliyeketi amebaki. Na pale kwenye nafasi asikae mtu."

*

Walijipanga Jumatatu baada ya alasiri. Fayyaz mbele, Mzee Bachaya na ngoma yake nyuma, na kando ya mzee mkeka mtupu wenye glasi ya maji. Tauqir aliweka maikrofoni tatu, ya tatu mbele ya mkeka. Kompyuta aliiunganisha na kifaa cha betri kinachoishikilia umeme ukikatika. Kwa uzoefu wake betri ilidumu dakika kumi na moja.

"Wimbo una dakika ngapi?" aliuliza.

"Kumi na mbili," mzee alisema. "Umeme wenu hukatika saa ngapi?"

"Leo umeshakatika. Haukatiki tena kabla ya magharibi."

Shagufta alibaki juu na Sidra, mlango umefungwa kwa komeo.

Fayyaz alianza vibaya. Sauti yake ilikwama kooni, ikapasuka kwenye beti la pili. Mzee hakujali, mikono yake ilikwenda. Kwenye beti la tatu mzee alitoa salamu upande wa mkeka. Ukapita ukimya wa sekunde tatu. Kwenye skrini, mstari wa kijani wa maikrofoni ya tatu ulipanda, ukatetemeka, ukashuka. Chumbani hawakusikia kitu. Maji yalicheza ndani ya glasi.

Umeme ulikatika.

Kifaa cha betri kilianza kulia, mlio mmoja kila sekunde kumi. Skrini ilibaki ikiwaka. Tauqir alitazama saa yake. Dakika ya wimbo ilikuwa ya pili. Betri ingefika ya kumi na tatu. Inatosha, alijiambia, kama ni nzima, na hakuwa ameipima tangu mwaka jana. Alitazama mstari wa kijani ukipanda kwenye kila kiitikio. Dakika ya tano. Ya saba. Harufu ya kisima ilipanda kutoka kwenye mkeka. Fayyaz alianza kukimbiza maneno, na mzee akampunguza mwendo kwa kiganja, akimrudisha, akimrudisha. Dakika ya tisa mlio wa betri ukawa wa haraka.

Tauqir aliinua macho kutoka kwenye skrini, na Sidra alikuwa ameketi kwenye mkeka.

Shagufta alikuwa ameinama kwenye sala, mtoto akavuta komeo, akashuka ngazi kumi na sita kwa ndala zake za plastiki katika nyumba isiyo na feni wala redio, ambamo hata kijiko kikianguka jikoni hujulikana, na hakuna aliyemsikia, kwa kuwa hakikuwapo tena cha kusikika, naye akapita nyuma ya baba yake aliyekuwa akihesabu dakika, akapita mbele ya mzee asiyeona vizuri, akaona nafasi moja tupu yenye mkeka na maji, mahali pa kukaa, akakaa.

Tauqir alinyanyuka nusu. Mzee alitikisa kichwa, mara moja, kwa nguvu, mikono ikiwa bado kwenye ngoma. Haukatwi. Tauqir alibaki ameinama vile, mkono mmoja hewani kuelekea kwa binti yake, hatua tatu asizoweza kuzipiga. Mstari wa kijani wa tatu ulikuwa juu kabisa.

Fayyaz alifika kwenye beti la ruhusa, lile la juu kuliko yote, akalikosa. Sauti yake ilivunjika ikatoka kama ya mbuzi. Sidra akacheka. Alicheka kwa sauti, kicheko chake kizima, akiwa na maikrofoni mbele ya kidevu, na Fayyaz akarudi akalishika beti, akatamka ruhusa neno kwa neno, na ngoma ikapiga mara tatu, ikanyamaza.

Tauqir alibonyeza kuhifadhi. Sekunde nne baadaye betri ilikufa na skrini ikawa nyeusi.

Glasi ilikuwa tupu. Sidra aliishika, akaipindua.

"Nani amekunywa maji?" aliuliza. Kisha akapiga chafya, na chafya ilisikika, na puani ilisikika pumzi, na aliposimama ndala zake zilipiga sakafu kelele tupu. Shagufta alikuwa mlangoni. Alimkamata mtoto akamwambia aseme sukari, aseme sahani, aseme Shagufta, naye alisema vyote, s zote zipo, hadi Fayyaz akaenda uchochoroni kufuta macho.

Mzee Bachaya hakufurahi. Alikuwa ametega sikio.

"Mchekeshe," alimwambia Tauqir.

"Nini?"

"Mtoto. Mchekeshe."

Tauqir alimtekenya Sidra pale anapotekenyeka siku zote, chini ya kwapa. Sidra alijikunja, akafungua mdomo, mabega yakatikisika, machozi yakamtoka. Hakuna kilichotoka.

*

Faili lile liko kwenye diski tatu, moja nyumbani, moja kwa Fayyaz, moja kwa mzee. Wimbo wa kwanza Tauqir aliufuta, na mchezo wa wateja ameuacha. Mara moja tu alilibana lile jipya, ili ayatoe mabaki. Kiitikio kilikuwamo, sauti ya mwanamume aliyetulia. Kando yake, karibu sana, mtoto wa kike alikuwa akicheka. Kwenye MP3, mahali kilipokuwa kicheko palibaki pengo na mlio wa betri tu. Aliifuta MP3 ile siku hiyo hiyo.

Kila Alhamisi jioni huwasha spika kubwa, akapiga faili zima kutoka mwanzo hadi mwisho. Shagufta huja na kusimama mlangoni. Wakifika lile beti, kicheko hutoka kwenye spika, kikajaa chumba.

Alhamisi iliyopita Sidra alikuwa chini kwenye mkeka, akichora. Penseli ilikuwa inakwaruza. Aliinua kichwa, akasikiliza.

"Baba," alisema, "huyo anayecheka sana hivyo ni nani?"

Tauqir aliongeza sauti.